Las Meninas: uisome kwa mistari, kwa mwanga au kwa fumbo lake?

Ukiwekewa mbele Las Meninas (yaani mabinti wahudumu wa kasri), picha aliyoichora Mhispania Diego Velázquez mwaka 1656, hukosi la kusema. Kinachokukwamisha ni kwamba yameshasemwa mengi mno, na mengine yanapingana waziwazi. Mmoja atakwambia picha hii ni hesabu za vipimo. Mwingine atasema weka rula chini, tazama gauni la yule mtoto. Wa tatu atakuuliza: hivi hapa anayechorwa ni nani? Mwenye insha ya kuwasilisha wiki ijayo, mwalimu mwenye kipindi kimoja cha sanaa, au msafiri mwenye saa chache Madrid, anabaki hajui ashike lipi.

Nimeziweka njia tatu bega kwa bega ili uchague kwa kujua unachopata na unachokosa. Kabla ya hapo, tukubaliane kilichomo.

Turubai ni kubwa, takriban mita 3.2 kwenda juu na 2.8 kwa upana, kwa hiyo watu wa mbele wanakaribia ukubwa wa watu halisi. Chumba ni cha kasri la Alcázar mjini Madrid, kilichokuwa cha Baltasar Carlos, mwana wa mfalme aliyefariki 1646. Katikati amesimama Infanta (yaani binti mfalme) Margarita, mtoto wa Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania, mwenye umri wa miaka mitano hivi. Upande wetu wa kushoto mhudumu wake María Agustina Sarmiento amepiga goti, anampa kikombe kidogo chekundu cha udongo juu ya sinia. Upande wa kulia mhudumu mwingine, Isabel de Velasco, ameinama kwa adabu. Pembeni kabisa kulia wapo Mari Bárbola na Nicolasito Pertusato, watu wa kimo kifupi waliokuwa katika utumishi wa kasri. Nicolasito amemwekea mguu mgongoni jibwa lililolala, nalo halina habari. Nyuma yao, kivulini, Marcela de Ulloa anazungumza na mlinzi. Kushoto yuko Velázquez mwenyewe, brashi mkononi, mbele ya turubai kubwa ambayo sisi tunaona mgongo wake tu. Kwenye ukuta wa nyuma kuna kioo chenye sura mbili hafifu, mfalme na Malkia Mariana, na kando ya kioo mlango uko wazi. José Nieto, mtumishi wa malkia, amesimama kwenye ngazi za mlango huo, na huwezi kusema kama anaingia au anatoka.

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: inalipeleka wapi jicho, ushahidi wake ni upi, inakudai nini, inakwama wapi, na inamfaa nani. Ukilifuata hilo la kwanza utagundua kitu cha ajabu. Mistari ya chumba inakwenda mlangoni, mwanga unamwangukia mtoto, na maana inakimbilia kiooni. Ni vitovu vitatu vilivyo karibu karibu, na hakuna viwili vilivyokaa mahali pamoja. Ndiyo maana watu watatu wenye macho mazuri wanaweza kutoka mbele ya picha hii na habari tatu.

Kuisoma kwa mistari

Jicho linakwenda wapi. Njia hii inaanza na chumba, watu baadaye. Chukua nakala ya karatasi, rula na penseli. Kulia kuna ukuta wenye madirisha. Fuata mstari ambao ukuta huo unakutana na dari, kisha fuata mstari wa juu wa madirisha. Yote inateremka kuelekea nyuma na kukutana ndani ya ule mlango ulio wazi, karibu na mkono wa Nieto. Mahali mistari inapokutana ndipo panapokabiliana na jicho la mtazamaji. Yaani wewe unayetazama umesimama mkabala na mlango. Hukusimama mkabala na kioo.

Ushahidi. Uko wote juu ya turubai, na hapa ndipo njia hii inapotamba. Kioo kipo kushoto mwa mlango. Kioo kilichotundikwa ukutani hukurudishia sura yako endapo tu umesimama mbele yake. Ukisogea kulia, kinakuonyesha vitu vya kushoto. Na kushoto pana nini? Pana ile turubai kubwa anayoichora Velázquez. Kwa hesabu hii, sura za mfalme na malkia zinatoka kwenye uso wa turubai hiyo, na si lazima wenyewe wawe wamesimama mahali petu. Wasomi wawili wa Marekani, Joel Snyder na Ted Cohen, walilitetea hilo mwaka 1980, lakini halikuwa geni: Antonio Palomino, aliyechapisha maisha ya Velázquez mwaka 1724, alishaandika kwamba mchoraji alitumia kioo kilichokabili picha ili kutuonyesha anachochora. Nalisema kwa kirefu kwa sababu maelezo mengi mitandaoni yanakupa jibu moja tu, kwamba kioo kinawaonyesha wazazi waliosimama tulipo, na yanalitoa kana kwamba limeshathibitishwa. Halijathibitishwa.

Njia hii pia inakufanya uone utupu. Karibu nusu nzima ya juu ya turubai haina mtu: dari, kulabu mbili zisizo na taa, picha mbili kubwa zilizomezwa na giza. Mchoraji wa kawaida wa kasri angepajaza hapo mapazia na ngao za ukoo.

Inakudai nini. Nakala safi, rula, na utulivu wa nusu saa. Huhitaji Kihispania wala historia ya Ulaya.

Inakwama wapi. Inakwambia jinsi, haikwambii kwa nini. Tena chumba chenyewe hakipo, maana Alcázar liliungua usiku wa kuamkia Krismasi ya 1734, na wanaopima wanategemea ramani za zamani. Kuna kejeli nyingine: mistari inatuelekeza kwenye picha ya mfalme na malkia wakiwa pamoja, na picha ya namna hiyo kutoka mkononi mwa Velázquez haijulikani popote.

Inamfaa nani. Wanafunzi wa usanifu majengo, wapiga picha, walimu wa hisabati wanaotaka kipindi kisichochosha, na kila anayependa hoja ambayo mpinzani anaweza kuikagua mwenyewe.

Kuisoma kwa mwanga

Jicho linakwenda wapi. Kwa mtoto, moja kwa moja. Kuna dirisha mbele kabisa upande wa kulia, tunaliona kwa upembe tu, na kupitia hapo mwanga unamiminika juu ya nywele za Margarita, paji lake la uso na gauni lake jeupe la kifedha. Unamgusa Isabel de Velasco kwa nyuma na kumchora ukingo, unapita usoni mwa Mari Bárbola, kisha unapungua. Madirisha yanayofuata yamefungwa, hivyo katikati ya chumba pana giza. Halafu, mwisho kabisa, mlango wa Nieto unawaka. Nuru mbili, na kati yake kina kizima cha chumba kimetengenezwa kwa hewa yenye kivuli.

Ushahidi. Umo kwenye rangi yenyewe, ila lazima uende ukaribie. Ukiwa hatua kadhaa mbali, pindo za gauni la Infanta ni fedha na hariri. Ukisogea, fedha inavunjika: mikwaruzo ya kijivu, madoa meupe yaliyotupwa kwa haraka, doa jekundu karibu na kifua ambalo kwa mbali lilikuwa ua. Mkono wa mchoraji unaoshika brashi ni kazi ya kutazamwa kwa subira. Vidole havikumalizwa, vimeachwa kama mguso wa rangi iliyolowa, na huoni vizuri mkono unaishia wapi na brashi inaanzia wapi. Jibwa nalo limejengwa kwa miguso michache, na bado unahisi uzito wake sakafuni. Velázquez hakuwachora watu kwanza akawaangazia baadaye. Alipaka nuru iliyokuwa juu yao, na watu wakatokea.

Kioo chenyewe kinatambulika kwa mwanga. Kimezungukwa na fremu nyeusi nyeusi za picha zilizopoteza rangi kwa giza, lakini chenyewe kina mng'ao wa baridi na ukingo mweupe. Bila mng'ao huo ungedhani ni picha nyingine tu ya ukutani.

Inakudai nini. Nauli, ukiweza. Picha ipo Makumbusho ya Prado, Madrid, na hakuna skrini inayokupa ile hatua ya kusogea mbele na kurudi nyuma. Ukishindwa, tumia nakala ya ukubwa wa juu kwenye tovuti ya Prado, na uikuze sehemu moja moja. Epuka nakala zilizochapishwa vitabuni kabla ya 1984. Mwaka huo John Brealey, mtaalamu kutoka Makumbusho ya Metropolitan ya New York, aliisafisha na kuondoa vanishi iliyokuwa imegeuka manjano, na giza la dhahabu ambalo vizazi viliwahi kulisifia likaonekana kuwa kwa sehemu kubwa uchafu wa umri.

Inakwama wapi. Inalewesha. Mtu anaweza kukaa saa nzima akisifia hariri asijue kuwa kuna swali lolote ndani ya chumba hiki. Pia si kila kitu unachokiona kimebaki kama kilivyotoka kwa Velázquez: moto wa 1734 uliijeruhi picha, na shavu la kushoto la Infanta lilipakwa upya kwa sehemu kubwa. Ukijenga hoja yako juu ya wekundu wa shavu hilo, utakuwa unamsifu mrekebishaji.

Inamfaa nani. Wachoraji kabla ya wote. Kisha wapiga filamu, washairi, watoto wadogo, na mtu anayeingia makumbusho kwa mara ya kwanza na hataki kuhutubiwa.

Kuisoma kwa fumbo lake

Jicho linakwenda wapi. Kwenye kioo, kisha linarudi kwako. Wengi waliomo chumbani wanatazama upande wetu. Velázquez ameegemea nyuma kidogo, anapima kitu kilicho mbele yake. Mtoto amegeuza macho, Mari Bárbola anatukazia uso, Nieto anachungulia kutoka mwisho wa chumba. Kuna mtu amesimama hapa nilipo mimi, au ndiyo kwanza ameingia. Ni nani?

Ushahidi. Hapa kambi ni mbili, na haifai kuzichanganya. Ya kwanza ni ya wanafalsafa. Michel Foucault alifungua kitabu chake cha 1966 kwa kuichambua picha hii, na kwa makusudi aliyaweka kando majina ya waliomo ili abaki na mchezo wa macho: mahali petu ni mahali pa mfalme, mfalme ndiye kiini cha yote, na hayupo ila kwa kivuli hafifu kiooni. Ni usomaji wa kuvutia mno. Lakini unaegemea sana wazo kwamba kioo kinaakisi waliosimama tulipo, na tumeona rula inavyolitikisa wazo hilo.

Ya pili ni ya wanahistoria wa kasri, Jonathan Brown akiwa mmoja wa waliosikika zaidi. Hawa wanauliza maswali ya kawaida: picha ilitundikwa wapi, nani aliiona, mchoraji alitaka nini? Orodha ya mali ya kasri ya 1666 inaiweka katika ofisi ya mfalme ya majira ya joto. Hebu lifikirie hilo. Umma haukuwahi kusimama mbele yake. Aliyekuwa akiitazama ni Felipe mwenyewe, amekaa na kazi zake, binti yake akimwangalia kutoka ukutani na sura yake mwenyewe ikimrudia kutoka kiooni. Fumbo la "nani amesimama hapa" kwake halikuwa fumbo.

Halafu kuna msalaba mwekundu kifuani mwa mchoraji. Ni wa udugu wa wapiganaji wa Santiago, uliopokea watu wa ukoo bora, na Velázquez aliingizwa mwishoni mwa 1659, miaka mitatu baada ya picha. Kwa hiyo uliongezwa baadaye. Ili akubaliwe, mashahidi waliitwa, wachoraji wenzake Zurbarán na Alonso Cano wakiwemo, kusema kwamba hakuwa fundi wa kuuza kazi dukani. Mambo ya Hispania ya wakati ule: mtu aonekane bwana, lazima ithibitishwe hajachora kwa ajili ya pesa. Ukiisoma picha kwa jicho hilo, mchoraji anayesimama wima na brashi yake mbele ya familia ya kifalme anadai nafasi yake. Alikufa Agosti 1660, hata mwaka mmoja haujatimia.

Na hapa kuna jambo ambalo usomaji huu ukiachwa peke yake hulipita kimya. Katika karakana ya huyu aliyetaka uungwana kwa ajili ya sanaa yake alifanya kazi Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika, akiwa mtumwa wake. Velázquez alimchora Roma mwaka 1650, na hati ya kumwachia huru ikaandikwa mwaka huohuo. Picha hiyo ipo Metropolitan, New York. Pareja naye akawa mchoraji, na kazi yake ya 1661 ipo Prado, chini ya paa moja na Las Meninas. Katika chumba cha Infanta hayumo.

Mfalme wa kiooni naye si mgeni kabisa kwa msomaji wa pwani yetu. Hadi 1640 Felipe huyu alikuwa pia mfalme wa Ureno, kwa hiyo Yusuf bin Hassan wa Mombasa alipoinuka dhidi ya Wareno ndani ya Ngome ya Yesu mwaka 1631, taji aliloliasi lilikuwa kichwani mwa mtu huyuhuyu. Kufikia 1656 Ureno ilishamponyoka, na mrithi wa kiume hana. Ule ukungu wa kiooni unaanza kusomeka vingine.

Inakudai nini. Kusoma, na kusoma kwa tahadhari. Bila hati na tarehe, njia hii huporomoka na kuwa porojo.

Inakwama wapi. Ni rahisi kupachika maana. Kila kikombe kinakuwa ishara, kila mbwa anakuwa uaminifu, na mwandishi anasahau kwamba mbwa wakati mwingine ni mbwa tu aliyelala. Pia inaweza kukufanya uongee dakika arobaini bila kuitazama picha hata mara moja.

Inamfaa nani. Wanafunzi wa historia na falsafa, waandishi wa makala ndefu, na watu wanaopenda mjadala usiofungwa.

Mtu mmoja, njia tatu

Kama bado huoni tofauti, mjaribu Nieto pale mlangoni. Kwa mistari, yeye ndiye mwisho wa chumba, na mkono wake karibu unatuonyesha jicho letu liko usawa gani. Kwa mwanga, ni umbo jeusi lililokatwa juu ya nuru ya pili, bila yeye ule mlango ungekuwa doa la njano tu. Kwa fumbo, akiwa kule nyuma, anaweza kuona uso wa turubai kubwa na pia yeyote aliyesimama mahali petu. Na kwa kuwa kazi yake ilihusu pamoja na mengine kumfungulia malkia milango, kuna wanaodai yupo pale kwa sababu malkia anakaribia kupita. Mtu yuleyule, ngazi ileile.

Uchague ipi, kulingana na ulipo

Una insha ya kurasa chache na nakala ya simu: anza na mistari. Utakuwa na hoja ya kwako unayoweza kuichora na kuitetea, na mwalimu atakushukuru kwa kutokariri. Ongeza aya moja ya fumbo mwishoni, ukitaja kambi zote mbili.

Unafundisha darasa la watoto: mwanga. Waulize dirisha liko upande gani, mlango unaangaza nani, nani yuko gizani. Kioo wataking'amua wenyewe, na wakikiona usiwanyang'anye furaha kwa kuwaeleza haraka.

Unakwenda Prado na huna muda: mwanga tena, kwa sababu ndicho kitu usichoweza kukipata nyumbani. Simama mbali kwanza, sogea, rudi. Ndani hawaruhusu kupiga picha, na kwa picha hii ni afadhali. Maswali ya mfalme na malkia yanaweza kungoja hotelini.

Unachora au unapiga picha za watu: mwanga na mistari kwa pamoja, ukianza na ile nusu ya juu iliyoachwa tupu. Jiulize ungekuwa na ujasiri wa kuiacha hivyo mteja akiwa mfalme.

Unaandika makala au unaandaa kipindi kuhusu utawala, utumwa au hadhi ya msanii: fumbo, kwa upande wa wanahistoria. Mlete Pareja mapema, usimweke tanbihi. Na Foucault ukimtumia, mpitishe kwanza kwenye rula.

Ukiwa na mwenzako mnabishana tu kwa raha zenu, mmoja ashike mistari na mwingine fumbo, kioo kiwe katikati yenu. Saa mbili zitapita, na hakuna atakayekuwa ameshinda.